Nukta ya Mzee Heldur

Tartu, Januari. Saa kumi alasiri na giza limeshaingia,
theluji dirishani inaanguka bila haraka, kama isiyolipwa.
Barua ya nne kutoka kisiwa cha Hiiumaa:
"Bibi Liivika, mtambo wenu umenikataa tena.
Unasema jina langu si halali.
Nimeuza asali miaka kumi na saba
na hata nyuki hawajawahi kuniambia hivyo."

Nilicheka, nakiri. Nikafungua kumbukumbu za seva,
nikashuka mstari kwa mstari
kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha mwenyewe.
Nikaiona. Mwishoni mwa anwani, baada ya herufi za nchi,
nukta.
Ndogo kama kinyesi cha nzi.

Aliiweka kwa kuwa maneno yamekwisha.
Mzee huyu alipanga herufi za risasi gazetini tangu ujana,
vidole vyake haviwezi kuacha mstari wazi
kama mlango wa banda.

Na msimbo wetu? Unapokea jina,
unalikata penye kila nukta, kama soseji:
*asali*, kisha *kuusik*, kisha *ee*
(herufi mbili za nchi yetu, kama mtu anayeitika),
na kipande cha mwisho, hakuna kitu.
Si sifuri. Si nafasi. Hakuna.
Nao, kwa adabu ya karani mpya, unauliza:
nchi gani hii iitwayo Hakuna?
Haimo orodhani. Kataa.

Nani aliandika upuuzi huu?
Nikatazama jina pembeni mwa mstari, kidole tayari kimenyooka.
Lilikuwa langu. Miaka sita nyuma, mwezi Machi, saa nane usiku.
Nyani haoni kundule.

Toivo akasema, "Futa hiyo nukta tu, twende tukale."
Nikaifuta. Jina likapita.
Lakini zikapita na nukta mbili, zikapita na tatu,
na nukta iliyokuja peke yake, bila jina,
ikafutwa ikabaki tupu, na programu nzima ikaanguka chali.
Majaribio matano mekundu. Toivo akaenda kula peke yake.

Ndipo nikasoma kanuni za zamani,
zilizoandikwa nikiwa bado sijazaliwa, kavu kama mkate wa juzi.
Zinasema: kila jina kamili huishia kwenye nukta.
Ng'ambo ya nchi upo mzizi, nao hauna jina,
na majina yote duniani yananing'inia kwake,
la benki, la wizara, la asali.
Sisi kwa uvivu tuliacha kuuandika,
tukauacha muda mrefu hadi anayeuandika
tukamwona ndiye aliyekosea.

Nikaketi. Kahawa imepoa, ina utando.
Nikaandika upya, polepole:
utupu ukiwa mwishoni, ni mzizi, uache ukae;
utupu ukiwa katikati, ni kosa, rudisha;
nukta ikija peke yake, isimame, ina haki,
ila hatuiuzi.
Mistari saba imetoka, minne imeingia.
Kijani. Kijani. Kijani, hadi chini.

Saa tatu usiku nikamwandikia:
"Mzee Heldur, kosa lilikuwa langu.
Jaribu tena, na nukta yako usiiondoe"

Akajibu kabla sijavaa koti:
"Imekubali. Asante.
Lakini barua yako haina nukta mwishoni."

Nikaisoma tena. Kweli.
Glavu mkono mmoja, nikarudi kwenye kibodi,
nikamtumia ya kwake, bila salamu, bila jina,
katikati ya ukurasa mweupe:

.